Bunduki ya Kanga Ufipa: Sheria na Marisau Vinakutana Wapi

Mahindi na ulezi vikishavunwa, nyasi zikakauka kuanzia Sumbawanga hadi Laela na Namanyere, swali moja huulizwa tena na watu wanaomiliki silaha mkoani Rukwa: bunduki gani inafaa kumwinda kanga? Majibu ya haraka ni mawili. Moja ni kwamba silaha yoyote yenye nguvu itatosha, kwa kuwa kanga ni ndege tu. La pili ni kwamba ukishapata kibali cha polisi, yaliyobaki ni shabaha. Majibu yote mawili yanapotosha, na gharama yake huonekana porini: ndege anayekimbia na jeraha hadi kichakani, mtu anayepigwa na risasi iliyosafiri mbali kuliko ilivyodhaniwa, au mwindaji anayefikishwa mahakamani kwa kosa ambalo hakulijua.

Uchambuzi huu unalipima swali hilo kwa mizani mbili, yaani sheria na mwendo wa marisau, zile chembe ndogo zinazojazwa kwenye katriji ya shotgani. Hoja yake ni hii: karibu kila katazo lililomo katika sheria yetu ya uwindaji lina sababu inayoweza kupimwa kwa mita, gramu na idadi ya chembe. Anayetafuta kwa makini bunduki inayofaa huishia kwenye bunduki iliyo halali.

Ndege anayewindwa

Kanga wa kawaida, ambaye wataalamu humwita Numida meleagris, ana uzito wa takribani kilo 1.1 hadi 1.8. Hupenda mbuga zenye miti iliyotawanyika, pembezoni mwa miombo, na mashamba yaliyovunwa. Kwa hiyo Rukwa utamkuta zaidi chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa kuelekea Muze na Mtowisa, kuliko kwenye nyasi baridi za juu ya uwanda ambako kwale ndio wengi. Kutoka Sumbawanga mjini, ulioko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi ufukwe wa ziwa ulioko takribani mita 800, mandhari, upepo na aina ya ndege hubadilika.

Tabia ya kanga ndiyo inayoamua silaha. Huishi kwa makundi, hutembea sana, na akitishwa hukimbia kwanza kabla ya kuruka. Jioni hupanda mitini kulala. Mvua zikianza, kuanzia Novemba, makundi huvunjika, jozi hujitenga, na jike hutaga chini mayai ambayo mara nyingi ni 6 hadi 12 na kuyaatamia kwa siku 26 hadi 28. Ndiyo maana msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, wakati vifaranga wa mvua iliyopita wamekwisha kukua.

Wanaosoma kuhusu uwindaji wa ndege katika maandishi ya Marekani hukutana na bata mzinga mwitu, ambaye dume lake huwa na kilo 5 hadi 11. Mwindaji wa kule hukaa kimya, humwita ndege kwa sauti ya kuiga, na humpiga kichwani na shingoni akiwa amesimama. Kwa kazi hiyo hutumia mtutu uliobanwa sana mdomoni ili marisau yaende yameshikamana. Majimbo mengi huko yanakataza raifo kwa ndege huyo na kuruhusu shotgani. Katazo hilo lina funzo kwetu, lakini mtutu wao hautufai kama ulivyo. Kanga ni mdogo, hukimbia, huruka, na karibu kila mara ana wenzake ubavuni.

Milango miwili ya sheria

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mtu hawezi kumiliki bunduki bila leseni. Ombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, ambako watu wanamfahamu mwombaji, likapita kwenye vyombo vya ulinzi na usalama hadi Jeshi la Polisi. Leseni humhusu mmiliki aliyetajwa na silaha iliyotajwa kwa aina na namba yake. Kwa hiyo kuazimana bunduki kwa ajili ya safari ya porini, hata kati ya ndugu, ni kujiingiza matatani. Mwaka 2016 Polisi walifanya uhakiki wa silaha za raia nchi nzima, na Serikali imewahi zaidi ya mara moja kutoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari.

Mlango wa pili ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Chini ya sheria hiyo wanyamapori, ndege wakiwemo, ni mali ya umma iliyokabidhiwa kwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Leseni ya bunduki haimpi mtu kanga hata mmoja. Anahitaji leseni ya kuwinda, inayotaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Pa kuanzia ni kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Serikali ina mamlaka ya kufunga msimu au kusimamisha uwindaji mahali fulani, kwa hiyo swali la kwanza ofisini ni kama leseni za wenyeji zinatolewa mwaka huo, na kwa eneo gani. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hakuna uwindaji. Katika mapori ya akiba kama Uwanda na Lwafi, hata kuingia na silaha bila kibali ni kosa. Na anayekutwa na nyama au manyoya bila hati anaweza kushtakiwa kwa kukutwa na nyara za Serikali, mashtaka ambayo huenda hadi kwenye sheria ya uhujumu uchumi.

Sheria hiyo hiyo inataja njia ambazo haziruhusiwi bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Miongoni mwake ni kuwinda kwa gari, sumu, mitego, nyavu, mashimo, mwanga wa taa, mbwa, na bunduki zinazojijaza zenyewe. Tuyashike makatazo hayo, kwa sababu tutakutana nayo tena kila tunapopima silaha.

Kwa nini si raifo

Raifo hurusha risasi moja, yenye nguvu, kwenda mbali. Uwanda wa Ufipa hauna miti mingi. Ni nyasi, matuta na mashamba, na mtu anayelima, anayechunga au anayepita kwa baiskeli anaweza kuwa nyuma ya kilima usichokiona. Risasi ndogo ya raifo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1. Ya raifo kubwa ya kuwindia wanyama huenda zaidi ya kilomita 3. Ukimlenga ndege aliyesimama juu ya kichuguu na nyuma yake kuna anga tupu, hujui risasi itatua wapi.

Chembe ya marisau yenye kipenyo cha milimita 2.6 ina mpaka wake. Hata ikirushwa juu kwa pembe inayoipeleka mbali kabisa, huanguka kwenye takribani mita 200. Ni umbali unaoweza kuukagua kwa macho kabla ya kufyatua. Kwa nchi iliyo wazi kama Ufipa, hiyo pekee inatosha kuiondoa raifo. Pia risasi ya raifo humpasua ndege wa kilo moja na nusu kiasi cha kutobakiza nyama ya maana.

Kwa nini si gobole

Ufipa ni nchi ya wahunzi. Tanuru ndefu za udongo, malungu, zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto na kuyeyusha chuma cha majembe na silaha kwa vizazi vingi. Masalia yake bado yapo. Heshima ya ufundi huo haipungui tukisema kwamba gobole la leo, linalotengenezwa kwa bomba la maji au chuma chakavu cha gari, ni silaha mbaya kwa kila kipimo.

Kipimo cha kwanza ni mtutu. Katriji ya kawaida ya bunduki ya bore 12 hutengenezwa kwa kikomo cha msukumo wa takribani baa 740, zaidi ya mara mia saba ya msukumo wa hewa tunayovuta. Kwa sababu hiyo bunduki za viwandani hujaribiwa kwa katriji kali kuliko za kawaida na kugongwa mhuri kabla ya kuuzwa. London ina nyumba ya majaribio tangu mwaka 1637, Birmingham tangu 1813. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo na halina mhuri wowote. Anayefyatua ameweka shavu lake sentimita chache kutoka kwenye chuma kisichojulikana uwezo wake.

Kipimo cha pili ni kilichomo ndani. Vipande vya misumari na nondo haviruki sawa, kwa kuwa kila kimoja kina umbo na uzito wake. Umbali wa mita 20 unatosha kuvitawanya ovyo. Matokeo yake ni ndege waliojeruhiwa, si waliouawa. Kipimo cha tatu ni sheria: kutengeneza silaha bila leseni ni kosa, na kumiliki iliyotengenezwa hivyo ni kosa jingine.

Hesabu ya marisau

Inabaki shotgani, yenye mtutu laini ndani na katriji iliyojaa chembe nyingi. Wengi wanaoimiliki Tanzania wana ya bore 12, yenye tundu la takribani milimita 18.5. Ipo pia ya bore 20, ya milimita 15.6, nyepesi na yenye teke dogo begani. Zote mbili zinafaa, na nitaitumia ya 12 kwa hesabu kwa sababu katriji zake hupatikana kwa urahisi zaidi.

Wapimaji wa shotgani duniani hutumia duara la sentimita 76 lililochorwa kwenye karatasi, umbali wa mita 36 hivi. Eneo la duara hilo ni kama sentimita za mraba 4,500. Tukadirie kwamba mwili wa kanga ukionekana kwa ubavu una sentimita za mraba 200. Wawindaji wengi hukubaliana kwamba ndege wa ukubwa huu anahitaji kupigwa na chembe tatu hadi tano ili afe papo hapo. Sasa chukua katriji ya gramu 32, na mtutu unaoweka asilimia 60 ya chembe ndani ya duara.

Chembe za milimita 2.6, ambazo Waingereza huziita namba 6, ni takribani 300 katika katriji hiyo. Zinazoingia kwenye duara ni 180, yaani moja kwa kila sentimita za mraba 25. Kanga aliye katikati atapigwa na chembe nane. Za milimita 3.1, namba 4 ya Waingereza, ni kama 190. Zitakazoingia ni 114, na kanga atapigwa na takribani tano. Zote mbili zinatosha. Chembe ya milimita 2.4 itampiga ndege mara nyingi zaidi, lakini ni nyepesi na hupoteza kasi mapema, na kanga ana manyoya mazito. Hiyo iachie kwale.

Linganisha na katriji ya SG, ambayo hutumiwa sana na walinzi na ndiyo mtu huikuta kwanza mkononi. Chembe zake ni nene, milimita 8.4, na gramu 32 zinabeba tisa tu. Hata zote tisa zikiingia ndani ya duara, kila moja ina sentimita za mraba 500, zaidi ya mara mbili ya mwili wa kanga. Uwezekano wa kumkosa kabisa ni mkubwa, na chembe iliyomkosa inaweza kusafiri zaidi ya mita 600. Katriji hiyo haina nafasi katika mfuko wa mwindaji wa ndege.

Onyo moja kuhusu namba hizi. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, lakini namba 6 ya Marekani ni karibu 2.8. Soma milimita zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa kanga, tafuta kati ya 2.6 na 3.1.

Choki na umbali

Choki ni ule mbano mdogo kwenye mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatawanyike kwa kasi gani. Mtutu usio na mbano huweka kama asilimia 40 ya chembe ndani ya duara la majaribio. Choki nyepesi, yenye mbano wa robo milimita, huweka 50. Ya nusu, yenye nusu milimita, huweka 60. Ya mwisho, inayokaribia milimita moja, huweka 70. Tofauti ya unene wa ukucha hubadilisha kila kitu.

Choki ya mwisho inavutia, lakini kwa kanga ina madhara mawili. Kwa ndege anayeruka mita 20 mbele yako, duara ni dogo mno, na ukimpata umemharibu. Kwa ndege aliye mbali, inakutia tamaa ya kufyatua mita 50 au 60, ambako chembe zimekwisha kupoteza kasi. Choki nyepesi kwa mtutu wa kwanza na ya nusu kwa mtutu wa pili ndio mpango bora, na mpaka wa kufyatua uwe mita 35.

Hapa katazo la mbwa linaonyesha maana yake kwa silaha. Katika nchi ambako mbwa wa kuokota ndege huruhusiwa, ndege aliyevunjika bawa akakimbilia kwenye nyasi hupatikana. Kwetu hutegemea macho na miguu yako. Kanga mwenye bawa bovu bado ana miguu mizima, na hukimbia kuliko mtu. Kwa hiyo mita 35 kwetu ni mpaka wa lazima. Usifyatue kundi lililosongamana chini, kwani duara moja la sentimita 76 linaweza kujeruhi ndege watatu ili upate mmoja, na leseni inahesabu wote. Tembea kwa haraka kuelekea kundi hadi litawanyike. Waliotawanyika hujibanza kwenye nyasi na kuruka mmoja mmoja. Chagua mmoja.

Na wale waliolala mitini usiku? Ni rahisi kuwapiga kwa tochi, na ndiyo sababu mwanga umekatazwa. Kundi zima linaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Mitutu miwili, pampu au inayojijaza

Bunduki inayojijaza yenyewe imo kwenye orodha ya makatazo. Kiufundi haikupi faida halali, kwa sababu baada ya mafyatuo mawili kanga waliobaki wamekwisha kupita mita 35. Pampu hujazwa kwa mkono kila mara, kwa hiyo si ya kundi hilo, lakini uliza ofisini kabla ya kuinunua kwa ajili ya kuwindia.

Ninayoipendekeza ni bunduki ya kuvunja, ya mitutu miwili au hata mmoja. Ile rahisi ya mtutu mmoja kutoka Izhevsk, Urusi, inayojulikana kwa jina la Baikal, imethibitisha uimara wake katika sehemu nyingi za Afrika. Ubora mkubwa wa bunduki ya kuvunja ni usalama: ukiifungua, kila aliye karibu anaona kwamba haina katriji. Ifungue kila unapovuka mto, unapopanda mteremko wa Lyamba na unapokaribia watu.

Kabla ya kununua, kagua chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa katriji. Katriji za kawaida ni za milimita 70, lakini zipo bunduki za zamani zenye chemba ya milimita 65 na mpya zenye 76. Urefu umeandikwa kwenye mtutu. Katriji ndefu kuliko chemba huingia vizuri, lakini ikifyatuliwa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo hupanda. Usichanganye pia bore 12 na 20 katika mfuko mmoja. Katriji ya bore 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya 12 hupita chemba na kukwama mbele. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akaongeza ya 12 na kufyatua, mtutu hupasuka. Ndiyo maana viwanda hutengeneza maganda ya bore 20 kwa rangi ya njano.

Marisau ya ziwani

Jambo la mwisho linahusu Ziwa Rukwa. Marisau ya kawaida ni madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bata na ndege wengine wa majini humeza chembe zilizozama wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula, na hufa polepole. Marekani ilikataza marisau hayo kwa bata na bukini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya uliyakataza kwenye ardhi oevu kuanzia mwaka 2023. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wahamao wa majini wa Afrika na Ulasia, unaozitaka nchi kuacha marisau ya risasi kwenye ardhi oevu. Karibu na ziwa na mabwawa yake, tumia ya chuma. Kwa kuwa chuma ni chepesi kuliko risasi, chagua chembe nene zaidi kwa hatua mbili, na usiyapitishe kwenye choki ya mwisho wala kwenye mtutu mkongwe. Nyumbani, toa kila chembe kwenye nyama kabla ya kupika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huathirika zaidi.

Hukumu

Kwa kanga wa Rukwa, bunduki inayofaa ni shotgani ya kuvunja ya bore 12 au 20, yenye mhuri wa majaribio, choki nyepesi na ya nusu, katriji za gramu 28 hadi 32 zenye chembe za milimita 2.6 hadi 3.1, na mpaka wa mita 35. Iandikwe kwa jina lako, na iende porini pamoja na leseni ya kuwinda ya mwaka huo. Kabla ya msimu, nenda mahali palipoidhinishwa, bandika karatasi, pima mita 35, fyatua, hesabu chembe. Anayemiliki gobole alipeleke polisi. Na kama ofisi ya wanyamapori ikisema mwaka huu hakuna leseni, bunduki ibaki imefungiwa nyumbani, ili kanga watage na kuongezeka.